Ncha ya Doa Jeusi

Likombe, Mtwara
14 Septemba 2024

Kaka yangu Faraji,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Masasi, na kwamba kile kikohozi chako kimetulia. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi, ila moyo unafuka. Simu zangu huzipokei tena, ndiyo maana nimekaa nikaandika, na nimemwomba Rashidi anayesafiri na basi la asubuhi akukabidhi mkononi.

Nianze na ya kijijini, kwa sababu uliondoka asubuhi iliyofuata ule moto na mengi hukuyaona. Mikorosho mia moja na arobaini imeungua, mingi ilikuwa imeshatoa maua. Watu walipotafuta wa kumlaumu hawakwenda mbali. Walimwendea jirani yetu Bi Somoe, mfinyanzi, kwa kuwa siku ile alikuwa akichoma vyungu uani kwake. Ni mjane, hana wa kumsemea. Siku ya tano vijana wakamvunjia vyungu vyote, hata vile alivyoagizwa kwa ajili ya arusi, na Mwenyekiti akamkataza kuchimba udongo bondeni. Alieleza kwamba moto wake aliuzima kwa maji mwenyewe, na kwamba moto mkubwa ulimjia kutoka upande wa kusini. Wakamwambia uzee umempotezea kumbukumbu. Kaka, huyu ndiye aliyelala kwetu na Mama siku zote za eda, Baba alipofariki.

Kazi yangu unaijua. Kila asubuhi nafungua picha za setilaiti, natazama moshi wa mioto ya porini unaovuka Ruvuma na vumbi linalopeperuka kutoka bara, kisha naandika tahadhari kwa watu wa uwanja wa ndege na kwa hospitali, ili wenye pumu wajihadhari. Kuna picha zinazofika kila robo saa; ukizipanga kwa mfuatano unauona moshi ukizaliwa. Siku ya moto wetu upepo wa kusi ulikuwa unavuma kwa nguvu. Moshi ulitokeza saa saba na robo mchana, mwembamba kama uzi, ukavutwa kaskazini magharibi. Siku mbili baadaye ikafika picha nyingine, safi zaidi, inayoonyesha ardhi iliyoungua: doa jeusi lenye umbo la kafi la mtumbwi, jembamba mwanzoni, kisha likipanuka kufuata upepo. Nyumba ya Bi Somoe iko kule kwenye upana, karibu na mwisho. Moto haukuanzia kwake ukarudi kinyume cha kusi. Mtoto wa darasa la nne angelielewa hilo.

Jana baada ya sala ya Ijumaa, Mwenyekiti aliitisha mkutano ili Bi Somoe aondolewe kwenye kiwanja chake. Kiwanja chake, Kaka. Nilikwenda na picha zangu nikaeleza kama ninavyokueleza wewe. Mwenyekiti akacheka, akasema mambo ya angani hayajui mipaka ya kijiji. Kisha akaniuliza, kwa kejeli, hiyo ncha ya doa iko kwenye shamba la nani.

Iko kwetu. Iko kwenye shamba alilotuachia Baba, unalolilima wewe, pale ulipofyeka majani ukayakusanya marundo chini ya mikorosho. Nililisema hilo mbele ya watu wote, na jina lako nikalitaja.

Na liko baya zaidi, ambalo ni langu. Picha ile niliiona siku ile ile ilipofika. Nikakupigia, nawe ukakiri kwamba uliyawasha marundo ukaenda kula, ukidhani yatateketea yenyewe. Ukaniambia, "Nyamaza, Sabra, yatapita. Yule ni mtu mzima, hawatamfanya kitu." Nikanyamaza siku kumi na tatu. Ningelisema siku ile, vyungu visingelivunjwa. Hili nalo nililisema mkutanoni. Bi Somoe akaniuliza kama nimekula.

Wazee wamekupa hadi Ijumaa ijayo. Bi Somoe hakuomba fidia. Anataka aliyewasha moto aje aseme kwa kinywa chake. Ukija, nitasimama pembeni yako, maana kosa la kunyamaza ni langu. Usipokuja, mtaa na nyumba unayokaa hapo Masasi nimekwisha kuwaandikia.

Wasalimie wenyeji wako wote. Mama hakunituma salamu. Ila leo alfajiri, kabla sijapanda gari la kurudi huku mjini, alijitanda kanga akashuka bondeni na Bi Somoe, na wakarudi wote wawili na vikapu vya udongo kichwani.

Ni mimi mdogo wako,
Sabra