Utetezi wa Ampli ya Taa

Beni, 4 Machi 2025

Mudogo wangu Ésaïe,

Nakusalimia katika jina la Bwana. Kule Butembo, mutaa wa Bulengera, unaendelea aje? Kile kifua kimepona? Sisi huku tuko. Batoto bangu bazima. Bénie amepoteza jino la mbele na anakataa kucheka. Papa iko muzima wa mwili.

Ninaandika kwa karatasi kwa sababu simu yangu ilibaki mikononi mwa batu kwenye barrière, pale njia inafungwa. Na Papa unamujua: neno la simu kwake ni upepo. Barua hii Précieux wa moto, yule wa pikipiki, ameiweka ndani ya soksi yake. Ukiisha kuisoma, ipasue.

Ampli ya Papa, mashine inayokuza sauti ya santuri zake za kwaya, imekufa. Ile ya taa, aliyonunua zamani kwa muzungu wa kahawa aliyekuwa anarudi kwao. Josaphat, mutengenezaji wa redio kule sokoni, aliifungua akasema taa mbili kati ya ine zimeungua, vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani, na kwamba namna ile hazipatikane tena hapa. Anamupa Papa njia mbili: angoje taa zitoke Kampala, ao akubali ampli ya transista. Mupya, nyepesi kama Biblia ya mimbarani, inakula batri ya gari tu.

Sasa sikiliza. Kwenye avenue yetu tumebaki nyumba saba. Bengine bote bamehama kwa kuogopa batu ba porini, bale banaoua. Kila siku namwambia Papa twende Butembo kwa Ésaïe. Anajibu, "Na hii?" akionyesha ampli. Kilo makumi mbili na tatu, na vioo ndani. Haiwezi kupanda moto pamoja naye, na kwenye barrière bataifungua kwa kisu. Hataki itangulie, hataki ibaki. Juzi akasema mbele ya Timothée, muzee wa kanisa: "Siku nitakubali ampli ingine, nitakubali na nyumba ingine." Nilisikia vizuri. Papa hageuze neno lake.

Donc muandikie. Mimi ananisikia kama kuku inayolia uani. Wewe ndiwe université. Mueleze kwamba transista inashinda taa. Usitaje kuhama, usitaje batu ba porini. Akisikia tu harufu ya kusukumwa atakaza shingo. Sema ampli, basi. Unajua barua kwetu inasomwa sebuleni mbele ya batu bote, hakuna barua ya mutu mumoja. Chunga.

Ni mimi,
Yaya wako Jemima

Butembo, 9 Machi 2025

(Kakaratasi haka ni kako peke yako.)

Yaya, dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa simu. Kifua kimepona. Mwambie Bénie nami nilikuwa kibogoyo na bado nilichaguliwa msemaji wa wanafunzi.

Nimelitafakari ombi lako. Baba hashindwi kwa kushambuliwa; kwa njia hiyo hata mkuu wa kitivo chetu sikumshinda. Katika mijadala yetu tuna kanuni moja: mpandishe mpinzani wako hadi kileleni kwanza, kisha ubomoe mlima. Ukimnyima hoja zake atazililia daima. Ukimpa zote, hana pa kukimbilia. Kwa hiyo Sehemu ya Kwanza inaitetea taa kwa nguvu zote. Sehemu ya Pili, nitakayoimaliza baada ya mtihani, itaipindua. Ninaitanguliza ya kwanza kwa sababu Précieux yuko langoni na injini inawaka. Iweke sandukuni. Zisomwe zote mbili siku moja.

Mdogo wako,
Ésaïe

Butembo, 9 Machi 2025

Baba yangu mheshimiwa,

Ninakuamkia kwa heshima zote. Ninatumaini magoti hayakusumbui na usingizi unakuja. Huku tu wazima, masomo yanaendelea. Nimesikia kwamba ampli imenyamaza na kwamba sebuleni kuna kesi: taa ama transista? Niruhusu nisimame mbele ya baraza.

SEHEMU YA KWANZA

Wanaoidharau taa waseme walichowahi kukisikia! Transista hutoa sauti papo hapo, kama askari anayeitwa jina kwenye gwaride. Taa haikubali kuamrishwa. Inakudai dakika moja ya kimya ili kioo kishike moto, na katika dakika hiyo mtu anakumbuka kwamba amekuja kusikiliza. Je, ni nani leo katika nchi hii anayetupa dakika moja?

Transista ikizidiwa hukata sauti kwa panga; mwimbaji hugeuka bati. Taa ikizidiwa huinama. Besi za kwaya uliyoiongoza miaka thelathini, zile zilizotetemesha mabenchi, ndani ya taa hazivunjiki, bali huviringika na kujaa chumba. Mafundi huiita kasoro. Naam, ni kasoro! Lakini ni kasoro ya koo la mwanadamu, na mimi naichagua kuliko usafi wa mashine isiyowahi kuvuta pumzi!

Wanasema ni nzito. Ni kitu gani cha thamani tulichowahi kupewa kikiwa chepesi? Wanasema inakula umeme. Na iule! Wanasema haibebeki. Naam, haibebeki, na hiyo ndiyo fahari yake! Haikuundwa kwa ajili ya mpita njia. Iliundwa kwa ajili ya mtu aliyekaa. Basi kaa, Baba! Kaa, uiache dunia ikimbie na makelele yake, usikilize mpaka ubeti wa mwisho!

Sehemu ya Pili inafuata.

Mwanao,
Ésaïe

Beni, 17 Machi 2025

Ésaïe,

Salamu. Tuko. Batoto banakula.

Précieux hakunikuta. Nilikuwa sokoni. Bahasha kubwa aliiweka mikononi mwa Papa, na kakaratasi kangu akanipa jioni kutoka kwa soksi. Jioni mambo yaliisha kuwa mambo.

Papa macho yake hayashike tena herufi ndogo, akamwita Timothée. Unamujua Timothée, hata risiti ya sabuni anaisoma kama Isaya. Alisoma akiwa amesimama. Majirani balikuja, Mama Mariette na bwana yake, na bengine. Alipofika "kaa, Baba", Papa akanyoosha mukono: "Rudia." Akarudia. Mara tatu. Mama Mariette akapiga vigelegele. Papa akasema: "Mumesikia? Mwanangu wa université, mutu anayejua serikali inafikiri nini, anasema nikae. Niiache dunia ikimbie."

Batu balipoondoka nilimuambia: Papa, ni kukaa kwa kiti. Kukaa kwa kusikiliza. Ni mambo ya ampli. Akaniangalia kwa huruma. "Mutoto asome miaka ine," anasema, "aje kufundisha baba yake kukaa kwa kiti?"

Wewe uliye na majibu, ulikuwa Butembo.

Josaphat alipata taa mbili ndani ya ampli ya zamani ya kanisa. Zilifaa. Ampli inaimba tangu juzi, siku ya posho. Mama Mariette alikuwa amefunga mizigo yake, ameifungua. Anasema kama baba ya Ésaïe anakaa, yeye anaenda wapi?

Mulima wako unaubomoa lini?

Yaya

Butembo, 19 Machi 2025

Baba,

Ninakusalimia. Ninatumaini u mzima.

Sehemu ya Pili niliiandika na nimeichana. Nisikilize hapa. Niliandika "kaa" nikiwa na maana ya kiti. Kiti cha sebuleni. Sijui serikali inafikiri nini. Mimi ni mwanafunzi, sijui kitu.

Taa ni nzuri na transista ni nzuri. Tofauti yake ni ndogo. Hapa kwangu hutaisikia hata kidogo kwa sababu ya mashine ya unga ya jirani. Nimekwisha kununua ampli ya transista. Inafanya kazi. Nimepata nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, na mikeka minne.

Ondoka Beni, Baba. Mwambie na Mama Mariette aondoke. Njoo na Yaya na watoto wiki hii. Nakuomba.

Mwanao,
Ésaïe

Beni, 28 Machi 2025

Mwanangu Ésaïe,

Wasingya, asante kwa barua zote mbili. Mimi ni muzima, magoti yananisumbua asubuhi tu. Timothée ndiye anayeandika: mukono ni wake, maneno ni yangu, nimemukataza kuongeza mistari ya Biblia na anaumia.

Barua ya kwanza ni yako. Nilikusikia ndani yake tangu mwanzo. Ndivyo ulivyokuwa unasema ukiwa na miaka tisa, unapanda juu ya kinu cha mama yako unahubiria bata.

Barua ya pili si yako. Mutu hawezi kuandika vile wiki hii na kuandika hivi wiki inayofuata. Haina naam, haina moto, hata salamu ni fupi. Unasema hujui kitu. Hilo ndilo lilinionyesha kabisa. Maisha yako yote hujawahi kusema hivyo. Dada yako alikuambia cha kuandika, ao ulikuwa na malaria. Sikasirike. Nimemuambia Jemima aende na batoto kama roho yake inataka. Anasema hataniacha peke yangu. Ana kichwa kigumu, sijui alikitoa wapi.

Kila siku saa tisa ya muchana tunafungua mulango na majirani banaleta viti. Tunawasha, tunanyamaza dakika ile uliyoisema, mpaka vioo vishike moto. Miaka yote nilikuwa naingoja dakika hiyo kwa hasira. Sikujua kwamba ni sehemu ya wimbo. Wewe ndiwe ulinionyesha, na nimeringa mbele ya batu kwa ajili yako.

Andika tena. Andika kama mara ya kwanza.

Mimi baba yako,
Syauswa

Beni, 24 Aprili 2025

Ésaïe,

Sikuulize habari. Najua Précieux alikuambia kwa mudomo, na kwamba ulifika mpaka barrière ya kwanza wakakurudisha, barabara ilikuwa imefungwa. Mais umeomba nikuandikie vile ilikuwa. Ninaandika.

Ilikuwa tarehe kumi na tano, saa tisa na nusu. Mimi na batoto tulikuwa kwenye robinet ya maji, nafasi yetu katika mustari ilikuwa ya sita. Batu ba porini balipitia mashamba ya mihogo. Upande wa juu batu balipiga masufuria na filimbi, kama tunavyofanya kwa kuonyana. Sisi kwenye robinet tulisikia. Tulikimbilia kanisani, madumu ya maji tuliyaacha. Baliokuwa kwenye nyumba yetu hawakusikia. Mulango ulikuwa wazi na kwaya ilikuwa inaimba ndani ya ampli.

Tulirudi kesho yake pamoja na batu ba Croix-Rouge, bale ba musalaba mwekundu. Viti vilikuwa kumi na kimoja. Batu tisa. Papa. Timothée. Mama Mariette na bwana yake. Bengine nitakuambia majina mbele ya macho, mukono umechoka. Papa alikuwa amekaa.

Bamechukua mbuzi, masufuria, redio ndogo ya Bénie, viatu. Ampli balisogeza hivi kidogo, bakaiacha. Ni nzito. Taa zilikuwa zinawaka bado, hakuna sauti, santuri iliisha zamani. Sikujua kifungo cha kuzima ni gani. Nilituma mutu kwa Josaphat, akaja akazima. Alikaa kidogo hapo mulangoni kofia mukononi, akaenda.

Tulizika bote siku moja, tarehe kumi na saba. Mvua haikunyesha. Pasta aliuliza nani atasema neno la familia. Mimi sikuweza. Basi Ananie, mutoto wa Timothée, akasema kuna neno la familia tayari. Barua yako ilikuwa ndani ya mufuko wa koti la Papa, imekunjwa katika ine. Ile ya kwanza. Akaisoma yote, tangu Sehemu ya Kwanza mpaka "inafuata". Anasoma kama baba yake.

Batu balilia sana. Bazee bawili balikuja kunishika mukono, bakasema hawajawahi kusikia maneno mazuri hivi juu ya mutu aliyekataa kukimbia. Bameomba nakala. Nimewaambia nitakuuliza.

Ampli nimeachia Josaphat.

Siku ya ine, Alhamisi ijayo, Précieux na mwenzake batatuleta, moto mbili. Kunja mukeka mumoja, tuko batatu. Bénie hali ugali wa muhogo tangu siku ile, tafuta viazi. Ukituona usiseme kitu. Tufungulie tu mulango.

Yaya wako,
Jemima