Joto Alilokutumia Baba

Nyumba za Wafanyakazi,
Kituo cha Hali ya Hewa.
14 Machi

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hujambo wewe, na wifi, na mtoto? Kifua kimepoa, au baridi ya huko ughaibuni bado inakutesa? Sisi miili inakwenda, moyo ndio umegoma. Mama anakula vijiko viwili, kisha anasukuma sahani.

Wiki tatu sasa tangu tumzike Baba. Uliniuliza kwenye simu kama alikutaja, nikakujibu, "Hata mara moja." Nilikudanganya, Kaka. Nilikuwa na hasira kwamba hukuja. Nisamehe, nikueleze ukweli.

Kazi yake nimeirithi mimi. Unaukumbuka ule mpira wa kioo pale uwanjani, wa kupimia saa za jua, unaounguza mstari kwenye kadi kila jua linapowaka? Kadi hubadilishwa kila jioni. Siku aliyofariki nilisahau, na kesho yake jua likaunguza juu ya mstari wa jana. Haijulikani upi ni wa siku ya Baba. Mkuu wa kituo akaandika "haisomeki". Nililia mbele ya wafanyakazi wenzangu bila haya.

Alipougua alikuwa anataka kukaa uani saa sita mchana, jua la utosi. Nikimgombeza, ananifundisha upya kana kwamba sikusomea: jua linatupiga sisi wima, nyinyi huko linawapiga kwa ubavu. Hewa ya hapa ikipata moto inapanda, joto lake linasafiri kwa kupokezana hadi kwenye baridi, na hewa ya baridi inakuja kushika nafasi. Pepo na mvua zote, alisema, ni jua linagawa joto lake.

"Bila hivyo mwanangu angeganda," akaongeza. Miaka minne alikataa simu zako, Kaka, lakini alikuita mwanangu.

Siku mbili kabla hajafa aliniuliza joto la leo litakufikia lini. Nikamtania, "Baba, hewa haina posta." Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akalia, akasema, "Basi mwandikie wewe."

Sikukuandikia. Nilidhani muda upo. Ningekuandikia, angejikaza asubiri jibu lako, namjua.

Mama anakusalimu sana. Shangazi mshonaji naye anakusalimu, anaomba vipimo vya mtoto. Mungu awakinge na baridi, awape moyo wa kustahimili.

Mdogo wako akupendaye kuliko ulimi wake unavyosema,

Kitindamimba