Kazi Uliyoipata Ni Yangu

Nyumba ya fundi viatu,
Mlango wa bluu, nyuma ya soko.
Jumamosi, tarehe 8 Agosti

Mpendwa kitinda mimba wetu,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na wifi yangu, pamoja na mama. Magoti ya mama yanaendeleaje? Mwambie ile dawa ya kuchua ni ya kuchua, si ya kunusa na kuirudisha kabatini. Wifi naye, tumbo halimsumbui? Asiinue ndoo za maji, na wewe usijifanye huoni ndoo ikiwa tupu. Sisi huku wazima. Shemeji yako bado anagonga viatu vya watu tangu asubuhi, na watoto wanarefuka mpaka mikono ya sare zao za shule imekuwa mifupi. Afya tunayo, hatulalamiki. Mengine ndiyo ninayotaka kukuandikia, na naomba uketi kwanza.

Barua yako nimeipata. Niliisoma kwa furaha, nikairudia kwa hasira, kisha nikampa shemeji yako anisomee kwa sauti, nikidhani labda macho yangu yamenidanganya. Unasema wakala amepita huko kwenu akakuandikisha kazi ya kupanga bidhaa katika duka kubwa jipya la huku kwetu, lile la karibu na kituo cha mabasi, na kwamba unaomba ufikie kwangu. Mdogo wangu, duka hilo si jipya hata kidogo. Na kazi hiyo ni yangu.

Usishangae kwamba hukujua. Sikumwandikia mtu yeyote kwa sababu ya mama na presha yake. Barua yangu ya mwisho ilikuwa ya shangwe, kwa sababu tulikuwa tumeshinda. Unakumbuka: serikali ilipandisha kima cha chini cha mshahara wa wafanyakazi wa madukani, meneja wetu akajifanya hasomi magazeti, chama chetu kikampeleka kwa afisa kazi, na afisa kazi akaamua tulipwe kuanzia mwezi unaofuata. Siku ile niliimba jikoni, na sauti yangu unaijua ilivyo mbaya.

Sasa sikia walichotufanyia. Meneja, ambaye sisi humwita Bwana Tabasamu maana hata akikufukuza kazi anakuonyesha magego, alituita wote mbele ya kaunta akatupongeza. Akatununulia soda. Akasema kampuni imekubali kwa moyo mweupe, na kwamba sasa duka litapakwa rangi, liwekewe rafu mpya na taa mpya, lifanane na wafanyakazi wenye mshahara mpya. Tukavishwa kilemba cha ukoka, nasi tukakivaa na kujitazama kwenye kioo. Kazi iliyobaki, akasema, ni kufungasha mali yote ili mafundi wapate nafasi.

Tukafungasha! Jumapili nzima, bila malipo, kwa hiari yetu, tena kwa nyimbo. Mimi nilisimamia sehemu ya sabuni na mafuta. Kila chupa niliiviringishia gazeti, na kila boksi nikaliandika kwa kalamu nene rafu yake na upande wake, ili siku ya kufungua tusihangaike. Keshia mwenzangu, yule tunayemwita Bi Chenji kwa sababu hajawahi kukiri kwamba anayo, alisugua mpaka matoroli, kwa sabuni aliyokuja nayo kutoka kwake. Sabuni ya kwake, katika duka lililojaa sabuni! Malori yakaja, tukayapakia. Kati yetu sote, hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini kupaka rangi kunahitaji malori.

Jumatatu tulikuta kufuli na karatasi. Karatasi ilisema kampuni imepata hasara kutokana na kupanda kwa mishahara, hivyo duka limefungwa. Kupanda kwa mishahara! Mshahara ambao hatujaushika, ambao hata harufu yake hatujaisikia, eti ndio uliowatia hasara. Nilikaa kwenye ngazi nikalia, na si kwa huzuni, ni kwa hasira. Kisha nikaupiga teke ule mlango mpaka kiatu kikaachia soli. Shemeji yako alikishona jioni ile ile.

Mwezi haukuisha, likafunguliwa duka karibu na kituo cha mabasi. Jina jipya, rangi mpya, na kwenye makaratasi kampuni mpya. Niliingia kama mteja. Bwana Tabasamu alikuwa pale na magego yake. Sabuni zilikuwa zimepangwa vilevile nilivyoandika, za unga chini, za miche juu, mafuta ya nywele mkono wa kushoto, na kule nyuma, mlangoni mwa stoo, maboksi yamerundikwa na mwandiko wangu ubavuni. Niliomba kazi, kazi yangu mwenyewe, mbele ya sabuni zangu. Akanijibu kwa upole kwamba sasa wanatafuta damu mpya. Asante ya punda ni mateke, lakini huyu hata punda ana nafuu, maana punda hacheki akikupiga.

Hiyo damu mpya wanaitafuta mbali, kwa watu wasiotujua, kwa mshahara ule ule wa zamani na mkataba wa miezi mitatu mitatu. Mwambie wakala wako akuonyeshe mkataba kabla hujatia sahihi. Nasikia umo mstari unaokukataza kujiunga na chama. Mtu anayekuajiri kwa nia njema hakufungi mdomo kabla hujaufungua.

Kwa hiyo kila asubuhi tunasimama nje ya duka hilo na mabango, mimi, Bi Chenji na wenzetu. Kesi iko kwenye baraza la usuluhishi. Tunadai turudishwe kazini na mshahara wetu, kwa kuwa duka ni lile lile. Wakili wao anasema si lile, na ushahidi anaoutoa ni kwamba wafanyakazi ni wengine. Umeielewa hiyo? Ushahidi wake ni wewe, mdogo wangu. Wewe niliyekubeba mgongoni.

Nakwambia ukweli, hii si barua ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa ya matusi matupu, na shemeji yako aliikunja akaijazia ndani ya kiatu cha mteja. Akaniambia, "Huyo ana mtoto njiani. Unataka amlishe bango lako?" Tukanuniana siku nzima. Ninachokasirikia zaidi ni kwamba hakukosea. Najua karakana yenu ilifungwa. Najua mama anakutegemea, na zile pesa nilizokuwa nikituma sasa sina. Nikikukataza, wifi atakula nini? Nikikuruhusu, nitawaambia nini wenzangu waliosimama juani? Bwana Tabasamu alilijua hilo alipokwenda kutafuta watu wenye shida kuliko sisi. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, na kunguru mwenyewe yuko ofisini anakunywa chai.

Basi sikukatazi. Wewe ni mtu mzima, utaamua. Ila ukija, usilale kwa wakala. Njoo nyumbani kwangu moja kwa moja, sebule ni yako na godoro nimeshaliomba kwa jirani. Utakula tunachokula. Asubuhi tutatoka pamoja, maana njia ni moja. Tukifika mlangoni, wewe utaingia na mimi nitabaki nje.

Nisalimie sana mama, lakini umsomee yale ya dawa tu, haya mengine ruka. Msalimie wifi, na yule mjomba wetu kinyozi, mwambie bado namdai stori aliyoiacha katikati. Shangazi naye asiseme nimemsahau. Shemeji yako anakusalimu na anauliza unavaa viatu namba ngapi. Mungu amfungulie wifi salama, na akupe riziki isiyotoka mdomoni mwa mwenzio.

Jambo moja tu nakuomba, kama dada. Wale waliokwisha kuajiriwa hupita mbele yetu wameinamisha vichwa, kana kwamba sisi ni ukuta. Wewe usinipite hivyo. Simama, unitazame, uniamkie kwa sauti, Bwana Tabasamu asikie, kama mama alivyokufundisha kumwamkia dada yako mkubwa. Nami nitakuitikia. Halafu ingia, kama utaweza.

Dada yako akupendaye hata akiwa amekasirika,
Kifungua mimba.