Wanaochelewa Mazoezini Ndio Wazima

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na nitaanza na hasara kabla ya maelezo. Tangu ligi ya mtaa ianze nimepoteza mapaja matatu, la beki wangu wa kulia wiki ya tatu, la nahodha wiki ya saba, na la mwanangu wa kumzaa mwenyewe wiki mbili na nusu zilizopita, dakika za mwisho za nusu fainali, alipokuwa anamwacha beki wao kule pembeni, mara nikamwona ameshika nyuma ya paja kama mtu aliyepigwa jiwe la manati, akakaa chini, na kelele zote zikakatika. Tulishinda hata hivyo, na Jumamosi hii tuko fainali, jambo ambalo halijawahi kutupata, na tangu siku hiyo silali vizuri kwa furaha na kwa hofu, sijui ipi inaniamsha.

Mimi hapa mtaani naitwa Mama Mageti. Nina karakana ya kuchomelea mageti na madirisha, niliianza na mashine moja ya kukodi, na leo tisa kati ya wachezaji wa timu hii ni mafundi wangu, kwa hiyo paja likichanika uwanjani Jumapili, Jumatatu geti halina wa kulinyanyua. Timu ni yangu, jezi ni zangu, mipira ni yangu. Kocha ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, mtu aliyesimama nasi tulipofiwa hata nisiseme mengi, na mwanangu humwita baba mdogo kwa moyo wote.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Kabla ligi haijaanza nilimwita mtaalamu wa tiba ya viungo, dada mmoja mpole wa sauti na mgumu wa maneno, wachezaji wanamwita dokta. Akaniambia mchezaji anapokimbia kwa kasi na kuutupa mguu mbele, nyama za nyuma ya paja ndizo breki yake, na breki dhaifu haijulikani mpaka siku ya mwendo mkali. Hilo nililielewa upesi, maana geti lenye bawaba mbovu halianguki likiwa limefungwa, linaanguka likisukumwa. Akawafundisha zoezi moja: unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu kwa nyuma, unajilaza mbele polepole ukiwa umenyooka kama ubao, unapingana na kuanguka mpaka nyama za paja zinasalimu amri, ndipo unajidaka kwa mikono. Mara mbili kwa wiki, wote, akaonya kwamba siku za mwanzo misuli itauma na wasishtuke.

Ikauma kweli. Kesho yake mafundi wangu walikuwa wanashuka ngazi kinyumenyume, tukafungwa mechi ya kirafiki, na nilijua kocha amekasirika, lakini alichokifanya baadaye sikukijua mpaka juzi Jumatatu, kwa sababu saa za mazoezi mimi niko karakana.

Jumatatu dokta alikuja kumpima mwanangu, nikafunga kazi mapema nikaenda naye uwanjani. Alipomaliza naye akasema, "Hebu wote nionyesheni lile zoezi." Mshauri, ungeona. Wale wachezaji wangu wa kutegemewa, wa kuwahi, walianguka kifudifudi mmoja baada ya mwingine kama magunia yanayotupwa kutoka kwenye lori. Halafu akapiga magoti mpiga rangi wangu, anaitwa Kesho kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila kitu, mtu ambaye tangu nimwajiri hajawahi kufika mahali kwa saa iliyosemwa, winga wa akiba. Akashuka taratibu, taratibu, pua ikakaribia majani, akatulia pale kidogo kama anasoma kitu, ndipo akaweka mikono.

Dokta akamwuliza, "Wewe umejifunzia wapi?"

"Kwa kuchelewa, dokta."

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Dokta hakucheka. Akauliza kuchelewa kwa namna gani, na kipa, ambaye mdomo wake hauna kufuli, akasema, "Hilo si zoezi hapa kwetu, ni adhabu. Ukichelewa, magoti. Kesho ndiye mfungwa wa maisha."

Basi ndipo nikaelewa. Shemeji yangu alipoona wanaliogopa lile zoezi aliwaondolea wote, akalibakiza kuwa fimbo ya wachelewaji. Nikaanza kuhesabu pale pale niliposimama, hesabu ndiyo iliyonilea. Wachelewaji wa kudumu ni sita, na hakuna hata mmoja aliyeshika paja tangu ligi ianze. Waliochanika ni watatu, na wote watatu ni watu wa kufika wa kwanza, mwanangu ndiye anayebeba mipira. Nidhamu yao ndiyo iliyowanyima dawa. Mshauri, nilitaka kupiga vigelegele kwa kugundua na nilitaka kulia, vyote kwa koo moja, na dokta akanitazama akaona nimeona, lakini hakusema neno mbele ya wachezaji, wala mimi.

Nyumbani ndiko kwenye moto. Dokta amesema mwanangu asicheze. Mwendo wa wastani anakwenda vizuri, akiambiwa aachie kasi yote anajizuia bila kujua, na akilala kifudifudi akavuta kisigino dhidi ya mkono wa dokta, mguu ule mmoja unakata tamaa mapema. Anataka wiki mbili zaidi, labda tatu. Jioni ile shemeji akaja kwangu.

"Shemeji, mpira una wenyewe. Wewe chomelea mageti, miguu niachie mimi."

"Miguu hiyo hiyo ndiyo inayoninyanyulia mageti," nikamjibu.

"Nitamfunga bandeji, atameza kidonge cha maumivu, atacheza kipindi kimoja. Kuna mtu wa timu kubwa anakuja kumwangalia. Unataka amwangalie akiwa benchi anakunywa maji?"

Mwanangu akadakia, "Mama, mguu ni wangu."

"Ni wako," nikasema, "lakini mimi ndiye niliyeubeba miezi tisa na ulikuwa unapiga mateke tangu wakati huo."

Akacheka, kisha akanuna, na tangu usiku ule ananisalimia kama jirani.

Hapa ndipo nilipokwama. Nikisema mwanangu hachezi, shemeji, asiyesikia la dokta, atauliza mimi nimejulia wapi, itabidi nitoe ile hesabu ya wachelewaji, na nitakuwa nimemvua nguo mwanamume aliyenistiri, wiki ya fainali, mbele ya wachezaji wanaomwogopa na kumpenda. Nikinyamaza, nitakaa jukwaani nikisubiri paja lichanike mara ya pili, nami nimevaa skafu ya timu. Mtaa mzima umeshapaka mawe rangi yetu, watoto wanaimba tangu asubuhi, hata mimi nafurahi mpaka naona aibu.

Sitaki methali, sitaki pole. Kikosi kinatangazwa Alhamisi saa kumi jioni. Nijibu kwenye gazeti la Alhamisi asubuhi, neno moja kati ya mawili: acheze au asicheze?

Mama Mageti

*

Mama Mageti,

Asicheze.

Umelipata neno lako, sasa vumilia mengine, maana mtu hawezi kuandika barua ndefu hivi akajibiwa kwa neno moja akaridhika, na wewe hukuwa unatafuta jibu. Jibu dokta alikupa Jumatatu. Ulikuwa unatafuta mtu mwingine wa kulisema ili shemeji yako akukasirikie nusu.

Kwanza nikupongeze, kwa sababu barua yako imenipandisha mzuka asubuhi nzima, nimeisoma kwa sauti ofisini na wenzangu wa dawati la michezo wameacha kazi zao. Nilimpigia pia mtaalamu wa tiba ya viungo ninayemwamini. Amecheka kusikia habari za Kesho, kisha akasema haya: wachezaji tisa, sita wazima na watatu waliochanika, ni wachache mno kuwa ushahidi, lakini ulichokiona hakimshangazi, kwa kuwa zoezi hilo likifanywa kwa kufuatana hupunguza sana majeraha ya nyama hizo. Akasema pia kwamba jeraha lililotangulia ndilo mwaliko mkubwa wa jeraha jipya. Kidonge kinanyamazisha maumivu tu, hakiunganishi msuli. Wewe fundi ungepaka rangi juu ya ufa wa bawaba ukamkabidhi mteja geti?

Mtu wa timu kubwa anayejua kazi yake atauliza kijana yuko wapi, aambiwe anamalizia matibabu, atarudi baada ya wiki tatu. Hiyo ni sifa. Akimwona anabebwa kwa machela kwa paja lile lile, ataandika jina la mtu mwingine.

Na jina hilo ni la nani? Hapa nakukemea, mama. Umehesabu wachelewaji, waliochanika, mafundi, na wiki, halafu ukasahau kujumlisha. Una winga amekaa akiba, ana mapaja ya chuma, ameyapata kwa adhabu ya msimu mzima. Unalia nini? Mpange Kesho. Ila mtume mtu akamchukue nyumbani Jumamosi asubuhi, tena mtu mwenye mkono mzito mlangoni.

Sasa shemeji. Usimpelekee hesabu mbele ya wachezaji. Wala usimfiche. Mkae wawili, umwambie, "Shemeji, zoezi lako limewafanya wachelewaji sita kuwa wazima. Tuwape na wengine." Ndivyo ilivyo, hakuna uongo ndani yake: aliyelilinda zoezi hilo lisife kabisa ni yeye, ingawa alilishika kwa upande wa makali. Mtu aliyekustiri hastahili kudanganywa, na anastahili kuachiwa mlango wa kutokea. Wewe unatengeneza milango, mtengenezee wake.

Msilianze wiki hii. Misuli itauma, na mtaingia fainali mkishuka ngazi kinyumenyume. Wiki hii wapashe misuli moto vizuri, wakimbie wakiongeza kasi kidogo kidogo, wasidhani kunyoosha miguu dakika mbili kunatosha. Baada ya fainali, dokta arudi awapangie upya: marudio machache mara mbili kwa wiki, yaongezwe taratibu kwa wiki kadhaa, na yasikatwe ligi ikianza. Wachelewaji watafutiwe adhabu nyingine, wafue jezi. Siku ya kwanza wa kupiga magoti awe kocha mwenyewe, na anayemshika vifundo awe mwanao. Wakicheka pamoja pale chini, maneno mengi yatakuwa yamekwisha bila kusemwa.

Kwa mwanao mwambie wewe, leo, kabla baba yake mdogo hajamwambia, na umwache anune. Fainali nyingine anaweza kuipata. Mguu mwingine, hata akiuomba kwangu, sinao.

Kikosi chenu kinasubiri mpaka saa kumi. Mimi nakubana zaidi. Ukurasa huu umechapwa mgongoni mwa ukurasa wa michezo, na sijui kocha wa timu iliyoingia fainali ambaye hanunui gazeti Alhamisi asubuhi. Akimaliza kusoma habari za mechi atageuza. Muwahi kabla hajageuza, kisha unitumie ujumbe kabla ya saa sita mchana, nami nataka neno moja kati ya mawili: umesema, au hujasema?

Na usichelewe. Kwenye timu yenu mchelewaji anajua kinachomngoja.