Safu ya Nne

4 Machi

Mdogo wangu,

Habari za huko na za masomo? Sisi wazima. Mguu wa mama umepungua uvimbe, na anakusalimu. Salamu nimezitoa kwa sababu nililelewa, sasa nisikilize.

Nakuandikia barua kwa makusudi. Kwenye simu ungenikatiza, halafu ungesingizia mtandao.

Jana asubuhi nimefika karakana nikakuta watu wamejazana kwenye ubao wa matangazo. Injinia wetu mpya, yule wa viatu vya ncha, alikuwa amebandika makala ya jarida la chuo chenu. Msaidizi wangu, Mrefu, akanivuta mkono: "Fundi, huyu si ndugu yako?" Nikaangalia. Jina la Profesa wako la kwanza, lako la pili. Nikafurahi, Kiherehere. Nataka ulijue hilo. Nilifurahi dakika nzima, nikawaambia watu wanipishe nisome.

Nikasoma. Mabomba ya mji huu, "imebainika", hupasuka zaidi ndani ya saa moja baada ya mafundi kufungua valvu. Imebainika na nani? Nani alichuchumaa kwenye matope miaka kumi na tisa akiandika? Kwenye madaftari kumi na moja niliyokukabidhi kuna safu nne: tarehe na mtaa, aina ya bomba, saa tuliyofungua valvu, na saa umeme uliporudi. Hiyo ya nne niliianzisha mwenyewe. Niliona kwamba umeme ukirudi, pampu zote kule kituoni huwaka kwa mpigo mmoja, maji yakaja kwa kishindo na kupasua bomba, hata ufungue valvu kwa upole namna gani. Nilikueleza hayo jikoni kwa mama, nawe ukiandika mbio mbio. Kwenye makala yenu safu ni tatu.

Na mimi humo naitwaje? "Kumbukumbu zisizo rasmi." Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea.

Nataka madaftari yangu.

Mimi,
Kumbukumbu Isiyo Rasmi


19 Machi

Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na hasira imeshuka kidogo, ingawa nakujua. Mwambie mama dawa yake ya kuchua nimeshainunua.

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, begi bado mgongoni, na imeniudhi. Unaandika kana kwamba huku nakula raha. Huu ni mwaka wa tano. Dirisha la chumba changu linatazama ukuta. Sura yangu ya pili Profesa ameirudisha mara saba, na mara ya saba akaniambia nirudie ile niliyoandika mwanzo. Tulianza watatu, wenzangu wawili wameshafunga virago. Bila makala iliyochapishwa hakuna utetezi, na bila utetezi hakuna shahada. Jina la msimamizi hutangulia. Ndivyo ilivyo, sikuanzisha mimi.

Jina lako halimo kwa sababu watoa taarifa hawatajwi. Ni kanuni, ya kuwalinda. Na safu ya nne haijapotea. Makala ina kurasa nane tu, haiwezi kubeba kila kitu. Itaingia kwenye tasnifu, sura ya sita.

Madaftari yako kabatini kwa Profesa. Chuo kinataka yakae kwa msimamizi mpaka nitetee. Umenisubiri miaka mitano, utashindwa na miezi?

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Mama hajambo. Mimi sijambo kwa mwili.

Asante kwa kunilinda. Ulinzi wako umenifikia jana ndani ya bahasha yenye mhuri. Mimi na Mrefu tumesimamishwa kazi kwa "uzembe katika ufunguaji wa valvu". Makala yenu imebanwa nyuma ya barua, mistari imepakwa rangi ya njano.

Mrefu ana watoto wanne. Hajawahi kuzungusha valvu zaidi ya robo bila kuweka nondo kwenye bomba na sikio kwenye nondo, asikie kama maji yametulia. Nilimfundisha mimi: robo, sikiliza, robo, sikiliza. Watu walikuwa wakitucheka kwamba tunabembeleza mabomba.

Kikao cha nidhamu ni tarehe 12 Mei. Nimewaambia ushahidi ninao. Wanataka madaftari yenyewe, yenye mwandiko wa wino, siyo picha za simu. Nenda kabatini.

Na usinifanye mtoto. Kurasa nane nimezihesabu. Nusu ya ukurasa wa tano ni picha ya pampu mpya za kituoni na sifa zake. Nafasi ilikuwepo.

Fundi


6 Mei

Kaka,

Shikamoo. Naona haya kukuuliza hali, maana aliyeiharibu namjua.

Nimemwendea Profesa mara nne. Mara ya kwanza alikuwa na kikao, ya pili alikuwa safarini. Ya tatu akaniambia, "Hizo ni data za mradi." Nikamwambia ni madaftari ya kaka yangu, jina lake liko kwenye kila jalada, na moja lina doa la chai ya mama. Akatabasamu. Kaka, tabasamu lile! Nilitoka nje nikapiga teke pipa la taka mpaka kidole kikavimba.

Mara ya nne, juzi, nilimuuliza kwa nini hakuitaka safu ya nne. Akafuta miwani taratibu. "Pampu zile zilinunuliwa kwa ushauri wangu," akasema. "Hutapata shahada kwa kunidhalilisha."

Sasa nikuambie kweli, maana nimechoka kuibeba. Safu ya nne ilikuwemo kwenye rasimu. Aliniambia niitoe, nikaitoa kwa mkono wangu. Habari ya ushauri wake sikuijua. Lakini nilijua kwamba bila safu ile lawama yote itawaangukia mafundi. Nilijua, kaka. Nikajiambia ni makala tu, nani ataisoma. Nilitaka kumaliza.

Leo asubuhi, Profesa akiwa darasani, nimemwomba sekretari wake anifungulie kabati. Mama yule ana miaka ishirini mlangoni pale. Hakuniuliza kitu, alisema tu, "Chukua yote, usibakize hata moja." Nimeyafunga kwenye boksi na yameondoka na basi la mchana. Wameniahidi siku tatu.

Profesa ameshajua. Amejitoa kunisimamia, na amemwandikia mkuu wa idara kwamba mimi ni mwizi. Na aseme. Nina hasira, na nyingi ni juu yangu mwenyewe.

Mdogo wako


20 Mei

Boksi limefika tarehe 15. Basi liliharibika njiani.

Kikao kilikaa tarehe 12 kama kilivyopangwa. Nilipewa dakika kumi. Nikasema madaftari yako njiani. Injinia akauliza, "Njiani kutoka wapi?" Nikasema kwa mtafiti mwenyewe, aliyeandika hiyo makala mliyoishika. Wakaangua kicheko.

Mrefu amefukuzwa. Mimi wamenihurumia kwa sababu ya miaka yangu, wamenipeleka stoo nigawe kofia na viatu vya mpira. Nondo yangu wameichukua, eti ni mali ya ofisi. Mama nimemwambia nimepandishwa cheo, siku hizi sinyeshewi. Usimwambie vingine.

Usiniandikie tena.

Mtunza stoo


17 Februari

Kaka,

Shikamoo. Mama aliniambia kwenye simu kwamba kifua kilikusumbua mwezi uliopita. Pole. Ulinikataza kukuandikia, nami nimetii miezi tisa. Leo sitii.

Chuo kilinihoji mara mbili kuhusu wizi. Yaliyoniokoa ni majalada yako: niliwaonyesha picha zake, jina lako kubwa kwenye kila moja. Wakanipa msimamizi mwingine, mwanamke mkavu asiyejua kusema hujambo. Data nilikuwa nimeshazinakili zote, kwa hiyo nilimpelekea sura ya sita. Akairudisha na swali moja ukingoni mwa kila ukurasa: "Nani aliliona hili kwanza?" Kila ukurasa! Nilimchukia wiki nzima, kisha nikakaa nikaandika upya. Kanuni ya kuficha majina ni ya watoa taarifa. Aliyegundua jambo hafichwi, ananukuliwa. Sasa umo, kwa majina yako matatu kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, katika kurasa thelathini na moja.

Jana nimetetea. Meza ndefu, jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa, watahini wanne. Profesa alikuja, akakaa nyuma karibu na mlango. Maswali yalipofunguliwa akasimama. "Mtahiniwa ameegemea madaftari ya fundi asiye na elimu. Nani aliyathibitisha?"

Nilikuwa nimeandaa jibu la adabu. Halikutoka. Nikasema, "Wewe, Profesa. Uliyathibitisha uliposaini makala yetu. Safu tatu uliziamini ukazitia jina lako. Tueleze hapa, ya nne ina kosa gani?"

Sauti yangu ilipanda mpaka mwenyekiti akagonga meza. Profesa akatafuta kiti kwa mkono, akakaa.

Nimefaulu. Wamenipa miezi miwili ya marekebisho madogo. Watu wananiita Daktari, nami nageuka nyuma kutazama anaitwa nani. Jarida nimeliandikia liiondoe makala ile. Tasnifu nimeituma kwa mkurugenzi wenu na kwa Injinia, kwa rejesta, wasije wakasema hawakuiona. Nakala yako ndiyo hii. Siombi msamaha kwa barua. Nakuomba usome tu.

Mdogo wako


24 Machi

Mdogo wangu,

Hatujambo. Kifua kimepona. Mama anafika mpaka dukani na fimbo yake, na ameshawatangazia wote wa huko kwamba ana daktari, sasa wanamletea matumbo yao.

Kitabu chako nimekisomea stoo, siku kumi na mbili, katikati ya kofia na viatu. Kurasa za hesabu nimeziruka. Sura ya sita nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na penseli.

Injinia alikuja kaunta kuniomba madaftari, sauti ya chini kama mtu wa kukopa. Nikamwambia ajaze fomu ya kuomba vifaa kama kila mtu. Akajaza. Hazijapita siku nyingi nikasikia kituoni wameanza kuwasha pampu moja moja. Leo ni siku ya tisa hakuna bomba lililopasuka, na hakuna aliyebandika chochote ubaoni.

Usidhani hasira imeisha. Mrefu hajarudishwa. Anabeba saruji kwenye ujenzi nyuma ya soko, na kila nikimwona nakukasirikia upya. Nilimpelekea kitabu. Akakipekua ukurasa kwa ukurasa, amesimama vile vile na vumbi la saruji mikononi. Mwisho akauliza, "Fundi, mimi niko wapi humu?" Kuanzia daftari la tisa mpaka la kumi na moja nusu ya mwandiko ni wake. Mimi nikiziba bomba, yeye akiandika. Kwenye majalada niliweka jina langu peke yangu, na wakati nakukabidhi sikumtaja. Mwaka mzima nimepiga kelele kwamba nimefutwa, kumbe na mimi nina kifutio mfukoni.

Kwa hiyo marekebisho yako ni mawili. Ukurasa wa 143, bomba la nyuma ya shule ni inchi tatu, siyo nne. Tazama daftari la saba. Na kila palipo na jina langu kuanzia daftari la tisa, ongeza lake. Majina yake matatu nimeyaandika nyuma ya karatasi hii. Nilikwenda kumuuliza, maana miaka kumi na minne sikuwahi kuyajua yote. Ukija, anzia kwake kabla hujafika kwa mama.

Kaka yako