Kikombe Alichokivunja Mama Saidi

Muyinga, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Huku kwa shangazi tumeamka salama, ila mvua imetuchosha. Je, mgongo unakuacha ulale? Na mdogo wangu Idi, ameanza kutoka kucheza, au bado anajificha nyuma ya mlango akisikia hodi?

Namuulizia Idi kwa sababu nimempata Mama Saidi.

Ndiyo, jirani yetu yule yule wa Nyamugari, hapo Gitega. Siku hizi anakaa hapa Muyinga kwa binti yake. Mjukuu wake, Shadia, ameletwa kwenye ua ninakofanya kazi, wa kulea watoto wadogo walioumizwa na wakati wa corona. Wengine wazazi wao walikwama Tanzania baada ya mpaka kufungwa. Wengine walifichwa ndani hata wakaogopa watu. Shadia hasemi. Ukimsogelea anauma. Dada Spès, mkubwa wetu wa kazi, akanikabidhi mimi: "Mwajuma, wewe mpole, atakuzoea."

Mpole! Niliuona uso wa bibi yake katika sura ya yule mtoto. Nikakumbuka Baba aliporudi kutoka Tanzania na kikohozi, na Mama Saidi akakivunja mlangoni kwake kikombe ulichokuwa umenywea, majirani wakitazama. Tangu hapo maandazi yako yalilala bila mnunuzi, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kumgusa Idi. Baba alipona. Idi bado.

Nilitamani Shadia naye akae pembeni peke yake, bibi yake aone. Lakini alinishika sketi, nikashindwa. Niliyemtaka hakuwa yeye, alikuwa bibi yake.

Kazi yetu huanzia nyumbani: mtoto akituona tunakula na watu wake, anatuamini. Basi Alhamisi nikaenda kwao. Mama Saidi hakunitambua, nimerefuka. Akaleta chai, akaonja kwanza kama desturi, mgeni ajue haina sumu, kisha akanipa kikombe. Unanijua, mbele ya watu sauti hunikauka. Siku hiyo haikukauka.

"Mama Saidi, hiki utakivunja sasa hivi, au unangoja niondoke?"

Akaliweka sinia chini. "We iko mtoto wa nani?"

"Wa Mama Mwajuma. Wa maandazi."

"Mwanangu, ilikuwa corona. Kila mtu aliogopa."

"Idi alikuwa na miaka mitatu. Naye alikuogopesha?"

Binti yake akamgeukia. "Mama, ulivunja kikombe alichonywea jirani?" Ndipo Shadia akatoka nyuma ya kanga ya bibi yake, akanichukulia kikombe, akanywa pale pale nilipoweka mdomo. Akasema, "Ingine." Hatukuwahi kumsikia akisema neno. Bibi yake akalia, nami nikafurahi kumwona analia. Mungu anisamehe, lakini si leo.

Anataka kuja Gitega kukuomba radhi, jioni, kupitia uani. Nimemkatalia. "Ulivunja mchana, majirani wakitazama. Utakwenda mchana." Asipokuja, nitaisimulia habari hii mbele ya wazazi wote wa hapa, hata nikitetemeka.

Akifika, Mama, usimsaidie maneno. Mwekee chai katika kikombe cha Idi, Idi akiwa amekaa hapo, anywe mpaka tone la mwisho. Ndipo uamue. Mimi bado sijaamua.

Msalimie Baba, na mama mdogo anayekukandia unga, aliyeendelea kuja hata wengine wote walipoacha. Idi mwambie nina rafiki mdogo anayeuma, anataka kucheza naye.

Binti yako, aliyekuwa mpole,
Mwajuma