Tairi la Mbele Kushoto

Jumanne, 15 Julai
Nimejaza upepo tena kabla ya shule. Matairi ya kushoto tu. Lazima yawe magumu kama jiwe, maana gari likilala upande, uzito wote uko hapo. Mikono inanuka raba. Nimesinzia kipindi cha Jiografia. Aibu.
Jumapili ni mashindano ya ngoma. Vikundi viwili, uwanja mmoja, wakati mmoja. Atakayevuta watu wengi ndiye mshindi. Wenzetu wa Runzewe wana chatu. Sisi tuna Baba na Korola yake.

Jumatano, 16 Julai
Baba amefanya mazoezi nyuma ya mashine ya mpunga. Anapandisha magurudumu ya kulia kwenye ubao, gari linainuka, anazunguka kwa mawili ya kushoto. Zamani nilipiga makofi. Siku hizi natazama chini.
Tairi la mbele kushoto limekwisha. Nyuzi zinaonekana. Nimemwambia. Akasema, "Hilo ndilo manju wetu wa ngoma alilipaka dawa ya kuvuta watu. Halitoki."
Tairi jipya lipo kwenye buti. Halijawahi kugusa ardhi.
Nina hasira naye.

Alhamisi, 17 Julai
Nimemwambia Mama habari za tairi. Anapika, anapakua, anaondoka. Mwaka jana alilia. Mwaka huu amechoka hata kulia.
Naogopa kwamba Jumapili Baba atakufa mbele ya watu wanaoshangilia.

Ijumaa, 18 Julai
Baada ya shule nimekwenda sokoni kwa manju, kiongozi wa ngoma yetu. Ni Mama Kabula, anauza dagaa. Nikapiga goti. Shikamoo. Marahaba. Nikauliza kama dawa inaweza kuhamia tairi lingine.
"Nani kasema haihami?"
"Baba."
"Mayu! Mimi nimepaka gari, yeye anatunza raba! Amelitumia tangu lini?"
"Tangu mwaka juzi, Mama."
"Na mimi aliogopa kuniuliza. Dume zima! Mwambie alete jipya kesho asubuhi. Na wewe uje, utashika kibuyu."
Nimerudi nyumbani nikikimbia. Sketi ya shule imejaa magamba ya dagaa.

Jumamosi, 19 Julai
Mama Kabula amelipaka tairi jipya. Baba alisimama kofia mkononi, kama mwanafunzi aliyechelewa.
Tairi la zamani nimelibeba mimi. Kidole changu kilipenya hadi ndani.

Jumapili, 20 Julai
Tumeshindwa.
Baba aliinua gari vizuri. Watu wakatukimbilia, vumbi tupu. Sikutazama chini. Kisha manju wa Runzewe akatia kichwa cha chatu mdomoni mwake, na umati wote ukahama. Baba akazunguka peke yake, akashusha gari polepole. Magurudumu manne chini.
Watu wetu wanasema tungeshinda na tairi la zamani. Mama Kabula amewaambia lipo nyumbani kwetu, wakalipande wao.
Jioni Baba alijilaza mkekani na viatu vyake. Akaniuliza kesho nina somo gani. Nikasema Jiografia. Alikuwa ameshalala.
Mama alimvua viatu, kimoja kimoja, akavikung'uta mlangoni. Halafu akaniambia, "Kalale na wewe, mwanangu."